Siku Moja ya Likizo Mjini Pemba

Likizo ya askari ni kama mgeni wa siku mbili: hujakaa naye vizuri, naye ameaga. Siku ya kwanza huliwa na safari. Ya pili na jamaa wanaokuja kumpa pole. Ya tatu na paa linalovuja. Ya nne na madeni ya dukani. Anapotanabahi, begi limekwisha simama mlangoni, na watoto hawakumwona baba yao ila mgongo tu. Makamanda wanalijua jambo hili, na wake za askari wanalijua zaidi. Kwa hiyo si upuuzi kuuliza: je, siku moja ya likizo, moja tu, yaweza kutumiwaje ili nyumba nzima ifaidike nayo?

Jibu moja lilipatikana katika mji wa Pemba, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 2023. Waliolipata ni watu watano wa nyumba moja: koplo wa jeshi, mkewe, mama yake mzazi, na watoto wawili, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6. Asili yao ni Quiterajo.

Quiterajo ni kijiji cha pwani na makao ya tarafa katika wilaya ya Macomia, karibu na mahali mto Messalo unapoingia baharini. Watu wake husema Kimwani, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili, na maisha yao ni nyavu, minazi, mihogo na mikorosho. Katika wilaya hiyo hiyo ndiko kuliko na Chai, mahali ambapo tarehe 25 Septemba 1964 wapiganaji wa FRELIMO walianza vita vya kumwondoa Mreno. Mtoto wa Macomia, kwa hiyo, amezaliwa katika ardhi yenye historia. Lakini historia haikuishia hapo. Vita vingine, vilivyoanzia Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, vilishuka na pwani hadi Macomia, na mwaka 2020 maelfu ya watu waliyaacha makao yao. Wengi walipanda mashua na kukimbilia kusini. Mnamo Oktoba mwaka huo mashua zilishusha watu usiku na mchana katika ufuko wa Paquitequete, mtaa wa wavuvi mjini Pemba, na katika majuma machache hesabu yao ilipita 10,000. Mama yake koplo, mkewe na watoto wake wawili walikuwa miongoni mwao. Koplo mwenyewe alikuwa kazini, na habari za kuokoka kwao alizipata siku ya tisa.

Tangu hapo familia ilikuwa ikiishi katika vyumba viwili vya kupanga mtaani Mahate. Karibu miaka mitatu ilikuwa imepita, na katika muda huo wote hakuna hata mmoja wao aliyeutazama mji wa Pemba kama mtu autazamavyo mji. Waliujua kisima, waliijua shule, waliijua foleni ya chakula, waliijua zahanati. Basi.

Jambo lenyewe lilianza na swali la binti. Usiku wa Alhamisi alikuwa ameonyeshwa katika simu ya jirani picha za familia moja iliyokwenda kutembea Dubai: watoto wamevaa kofia, baba amewashika mikono, na nyuma yao jengo refu lisilo na mfano. Alimjia baba yake akamwuliza, “Baba, na sisi tutakwenda lini kutembea Dubai?”

Mzazi mwingine angelicheka, na mwingine angelikaripia. Koplo hakufanya hivyo. Alimweleza mtoto yale aliyoyajua: kwamba jengo lile linaitwa Burj Khalifa, lina urefu wa mita 828, na lilifunguliwa Januari 2010, kwamba zamani Dubai palikuwa mji mdogo kandokando ya hori, wenyeji wake wakivua samaki na kupiga mbizi kutafuta lulu, na kwamba mafuta yaligunduliwa huko mwaka 1966, hivyo mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa hajatimiza miaka 45 jengo lilipofunguliwa. Kisha akasema, “Dubai ni mbali, mwanangu, na nauli yake hatuna. Lakini kutembea ni kutembea. Kesho kutwa tutatembea Pemba, na sisi pia tutashikana mikono.”

Mkewe aliafiki, ingawa alikuwa na hesabu zake. Fedha zilizokuwapo kwa siku hiyo ni meticais 800, na alizigawa juu ya mkeka mbele ya wote: nauli za chapa, yaani basi dogo la abiria, kitu kidogo cha watoto, na akiba ya kurudia nyumbani hata mvua ikinyesha. Chakula kingetoka jikoni. Ugawaji huo wa hadharani una faida kubwa. Mtoto anayeijua hesabu tangu nyumbani halii dukani, na baba hapati aibu ya kusema “hapana” mara ishirini kwa siku.

Aliyekataa ni Bibi. “Nendeni nyinyi,” alisema, hali akiupaka uso wake msiro mweupe kama afanyavyo kila jioni. “Matembezi ni ya mtu mwenye kwao. Mimi kwangu ni Quiterajo. Hapa nimekaa tu.”

Maneno hayo hayakuwa ya siku ile pekee. Ndani ya nyumba ile palikuwa na shauri lililokuwa likitokota kwa miezi mingi. Watu kadhaa wa Quiterajo walikuwa wamekwisha anza kurudi, na Bibi alitaka kurudi nao. Alikuwa na minazi yake, na kaburi la mumewe, na alisema kwamba mnazi usiosemeshwa huacha kuzaa. Mkamwana wake alitaka kubaki. Binti alikuwa akifanya vizuri darasani, na mvulana aliyekuwa na miaka mitatu wakati wa kukimbia hakuijua Quiterajo ila kwa jina. Habari zilizoletwa na waliokwisha rudi zilikuwa mbili, na zote mbili kweli: bahari ina samaki, na usiku watu hulala sikio moja wazi. Kila mmoja alimtazama koplo aamue. Koplo alijua mengi kuliko aliyoruhusiwa kusema, na kwa hiyo alinyamaza. Na kunyamaza kwake wanawake wawili walikuwa wamekwisha kukufasiri kila mmoja kwa upande wake.

“Mama,” alimwambia, “sikuombi uupende mji. Nakuomba unisaidie kuwashika watoto mkono. Wako wawili, na mitaa ina magari.” Bibi hakujibu. Lakini alfajiri ya Jumamosi walimkuta amekwisha jifunga kanga zake mbili, anangoja mlangoni.

Walianzia Wimbe, ufuko mrefu wa mchanga ulio upande wa mashariki wa mji, unaotazama bahari kuu. Kuanzia huko asubuhi ni busara. Mji wa Pemba umekaa juu ya rasi, bahari ikiwa upande mmoja na ghuba upande wa pili. Jua huchomoza kwa Wimbe na kuzama kwa ghuba. Mwenye watoto hulifuata jua, asubuhi huku na jioni kule, na mchana wa kati huukimbilia mtaani penye vivuli. Maji yalikuwa yakipwa kwa bamvua, na wanawake walikuwa wamekwisha ingia mbali mwambani na ndoo zao kuokota kome na pweza. Mvulana alitaka kukimbilia huko bila viatu, Bibi akamkamata shati.

Hapo ndipo jambo la kwanza lilipotokea. Bibi, aliyekuja ili ashike mkono tu, alijikuta amekuwa mwalimu. Alimwonyesha mjukuu tundu la kaa na tundu la pweza na tofauti yake. Akamwonyesha jinsi maji yanayorudi yanavyochora mchanga, na kwa nini mtu asimame akiupa mgongo ufuko, wala si bahari. Mvulana, aliyezoea kumwona bibi yake akingoja foleni, alimwuliza, “Bibi, umeyajuaje haya yote?” Naye akajibu, “Huku ndiko shuleni kwangu.” Koplo na mkewe walikuwa wamekaa chini ya mnazi, hawakusema neno. Kulikuwa na hoteli nyuma yao, na wageni wachache juu ya viti virefu. Lakini saa mbili zile hazikuwagharimu ila nauli.

Kutoka Wimbe walipanda chapa hadi Cariacó, mtaa wenye watu wengi na biashara nyingi. Jina hili hugutusha kila mtu aliyepata kufika Dar es Salaam, kwani humkumbusha Kariakoo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Na vita hivyo vilifika Cabo Delgado pia: mwezi wa Novemba 1917 Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck walivuka mto Ruvuma na kuishambulia ngome ya Wareno huko Ngomano, na Waingereza wakashusha majeshi yao katika bandari hii ya Pemba ili kuwafuatia. Nyuma ya kila bunduki palikuwa na wapagazi wenye mizigo kichwani, na wengi wao hawakurudi makwao. Koplo alimweleza binti haya huku wakipita katikati ya vibanda vya nyanya na samaki wakavu. Askari ana deni la kuyasema mambo hayo kwa watoto wake, kwa maana vitabu huwataja majenerali na kuwasahau wabeba chakula.

Kwenye vibanda vya nguo Bibi alisimama. Aliinua kapulana moja ya rangi ya manjano yenye maua, akaipima kwa mkono, akauliza bei. Mkamwana alishtuka, kwani bei ilikuwa sawasawa na fungu la watoto, lile la aiskrimu na la picha ambayo mpiga picha wa ufukweni angewapiga jioni. “Mama, unayo kama hii,” alisema kwa upole.

“Si yangu,” Bibi alijibu. “Ni ya yule mama.”

Hapakuwa na haja ya kuuliza mama yupi. Usiku waliposhuka Paquitequete mwaka 2020, wakiwa wamelowa, wamekaa siku tatu ndani ya mashua iliyopita Pangane na visiwa vya Matemo na Ibo bila kuthubutu kutua, mwanamke mmoja wa mtaa ule, mjane asiyewajua, aliwachukua. Watu kumi na wanne walilala katika uwanja wake, wao wakiwa wanne kati ya hao. Siku tisa aliwapa uji, na maji ya kuoga, na kapulana yake mwenyewe ya kumfunika mvulana aliyekuwa na homa. Kisha wakapata chumba Mahate, na haya ya umaskini ikawafanya wasirudi kumwona mikono mitupu. Mwezi ukawa mwaka, na mwaka ukawa karibu mitatu.

Mkamwana alishikilia mkoba. Tena hakuwa akifikiria fedha tu. “Mahali pa machozi si mahali pa matembezi,” alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. “Binti hajakanyaga mashua tangu siku ile. Akisikia mtambo wa boti usiku, huja kulala miguuni pangu. Wewe huyaoni, kwa kuwa haupo.”

Maneno hayo yalimchoma koplo, na yalikuwa ya kweli. Alimwita binti kando, akamwuliza yeye mwenyewe, si kwa amri. Binti alitazama chini, kisha akasema, “Aiskrimu ya mvulana tu inunuliwe. Yangu iende kwa yule mama.” Kama atashuka hadi ufukweni, hakusema. Kapulana ikanunuliwa.

Kabla ya adhuhuri walimpitia mchongaji wa Kimakonde aliyekuwa akifanya kazi chini ya mti kando ya barabara. Sanamu za Wamakonde zimefika katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Asia, lakini mtoto wa Cabo Delgado aweza kuziona bila kulipa, zikiwa bado zina vumbi la mpingo. Mchongaji alimpa mvulana aishike moja ya mtindo uitwao ujamaa, ule ambao watu wengi hupandana kuuzunguka mti mmoja, mzee juu ya kijana na mtoto juu ya mzee, wote katika gogo lile lile. Ni mtindo uliositawi miongoni mwa wachongaji waliovuka Ruvuma kwenda Tanganyika. Mvulana alihesabu watu kumi na saba, kisha akauliza yupi ni wa kwanza. Mchongaji akacheka, akasema ya kuwa hata yeye huanza popote penye ukuni mzuri.

Chakula walikila katika mji wa chini, karibu na bandari, penye majengo ya zamani ya Wareno yenye kuta nene na baraza. Mhogo wa kuchemsha, samaki wa kukaanga wa jana na chupa ya maji: hakuna mgahawa ungeliwashibisha vizuri zaidi kwa fedha zilizokuwapo. Mvulana alitaka baba apige picha ya meli na kreni kwa simu. Koplo alimkataza, akamweleza sababu: bandari, kambi na vituo vya ulinzi havipigwi picha, na hasa mtoto wa askari ndiye anayepaswa kulijua hilo kabla ya wengine.

Badala ya picha aliwapa hadithi ya jina la mji. Katika enzi ya ukoloni paliitwa Porto Amélia, kwa heshima ya malkia wa Ureno, mke wa mfalme Carlos wa Kwanza. Nchi yote hii ya kaskazini ilikuwa imekabidhiwa kampuni ya biashara, Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati mwaka 1891 na kutawala hadi mwaka 1929, ikitoza kodi ya kibanda na kuwakamata watu kwa kazi za shuruti. Msumbiji ilipopata uhuru, tarehe 25 Juni 1975, jina la malkia likaondolewa, mji ukaitwa Pemba, sawa na kile kisiwa cha karafuu cha Zanzibar. Fauka ya hayo, aliwaeleza jambo ambalo binti hakulisadiki mpaka alipochorewa ramani mchangani: kwamba kutoka Pemba hadi Dar es Salaam, ndege akiruka moja kwa moja, ni karibu kilomita 700, ilhali Maputo, mji mkuu wa nchi yao, ni zaidi ya mara mbili ya umbali huo.

“Na gesi?” binti aliuliza. “Mwalimu alisema ipo baharini. Kwa hiyo Pemba itakuwa Dubai?”

Gesi ipo kweli. Iligunduliwa mwaka 2010 katika bonde la Rovuma, na mwezi wa Novemba 2022 meli ya kwanza ya gesi iliyogandishwa kuwa kimiminika iliondoka katika mtambo unaoelea wa Coral Sul. Mradi wa nchi kavu, ule wa Afungi karibu na Palma, ulisimamishwa mwaka 2021 baada ya mji wa Palma kushambuliwa mwezi wa Machi. Koplo angeliweza kumwahidi mtoto majumba. Alimwambia tu kwamba mafuta na gesi hazijengi mji. Watu ndio wanaojenga, nao wanahitaji kwanza kulala usingizi. Mkewe alimtazama, kwa maana lilikuwa neno la kwanza alilolisema kuhusu lile shauri lao.

Saa kumi jioni, maji yakiwa yamejaa, waliingia Paquitequete. Mtaa huu uko kwenye ncha ya rasi, chini, karibu sana na maji. Ni wa wavuvi na wa Waislamu, na nyumba zake nyingi ni za miti, udongo na mawe. Ghuba ya Pemba, moja ya bandari kubwa za asili katika Afrika, ilikuwa mbele yao, imetulia kama sahani. Mashua zilikuwa zikirudi. Mtambo wa boti moja ulinguruma, na binti akaushika mkono wa mama yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwambia asiogope. Walisimama tu mpaka mtambo ukazimwa.

Nyumba ya yule mjane ilikuwa pale pale. Alikuwa akipepeta mchele uwanjani.

“Hodi hapa,” alisema Bibi.

“Karibuni,” mjane alijibu bila kuwatambua. Kisha alimwona mvulana, akaweka ungo chini. “Huyu si yule wa homa?”

Waliamkiana kwa muda mrefu, kama inavyopasa. Koplo alivua kofia, akamwamkia mjane shikamoo, naye akaitikia marahaba. Kisha akasema aliyokuwa ameyabeba karibu miaka mitatu: “Mama, mimi ndiye mwenye watu hawa. Nilikuwa mbali. Ulifanya kazi iliyokuwa yangu.” Mjane alimwambia aache maneno hayo, kwani na yeye, mumewe alipozama miaka mingi iliyopita, waliomletea maiti ni wavuvi kutoka kaskazini ambao hajawaona tena. Kapulana alipopewa aliikunja mara mbili, akaiweka magotini, wala hakuifungua mbele za wageni.

Wakati wakubwa wakinywa chai, binti alitoka. Mama yake alitaka kumfuata, Bibi akamzuia kwa jicho. Mashua ilikuwa imepwelewa hatua chache kutoka uwanjani, na mvuvi kijana alikuwa akiitia kalafati. Binti alisimama mbali, halafu karibu, halafu akauliza kitu. Mvuvi alimwonyesha uzi wa pamba na mafuta. Akarudi baada ya nusu saa, viganja vyake vikinuka sifa, akasema kwamba mashua ile ina mbao mbili mpya, na kwamba Quiterajo walikuwa wakiziziba kwa namna nyingine. Hakuipanda. Aliigusa tu.

Jua lilizama ng'ambo ya ghuba. Picha ya mpiga picha haikupigwa, kwani fedha zilikuwa zimebaki za nauli tu.

Usiku ule, watoto wakiwa wamelala, koplo alilileta shauri mezani mwenyewe. Alisema ya kuwa hawezi kuwaambia yote ayajuayo, lakini aweza kuwaambia hili: angelikuwa yeye ndiye mtoto, asingelirudishwa Quiterajo kabla ya mwaka wa shule kumalizika, na angelikuwa yeye ndiye mzee mwenye minazi, asingeliweza kuzuiwa milele. Mkewe alitaka kujibu, Bibi akatangulia. Alisema atangoja hadi shule zifungwe mwezi wa Novemba. Kisha atakwenda yeye kwanza, pamoja na jamaa wanaorudi, aone kwa macho, akae mwezi mmoja, ndipo alete habari. Wajukuu wabaki. “Na nikikuta hapakaliki,” aliongeza, “nitarudi. Ninaye mtu Paquitequete.”

Shauri halikumalizika kwa hayo, wala familia haikudai kwamba limemalizika. Lakini lilikuwa limetoka jikoni na kukaa uwanjani, mahali watu wanaweza kuliona. Asubuhi ya Jumapili koplo alifunga begi. Ndani yake alikuta karatasi ya daftari, hati ya binti: orodha ya vitu vilivyoonekana Jumamosi, vyenye namba, kuanzia tundu la pweza hadi mbao mbili mpya. Mwishoni aliandika kwamba Dubai ni ya mara nyingine.

Wako askari na polisi wengi ambao familia zao zinakaa ugenini, kwa uhamisho au kwa vita, na wana siku moja tu mikononi. Hao yawafaa haya yaliyoonekana kwa familia ya Quiterajo. Fedha zihesabiwe mbele ya watoto kabla ya kutoka. Chakula na maji vitoke nyumbani. Siku ifuate jua na maji, si saa. Wazee wasiachwe nyuma kwa kisingizio cha kuchoka, kwani huenda wao ndio wenye kuujua mji kuliko ramani. Mtoto aulizwe juu ya jambo analoliogopa, wala asisukumwe. Na katika kila mji ambao uliwahi kumpokea mtu akiwa hana kitu, mahali pa kwanza pa kutembelewa ni mlango wa yule aliyempokea. Majengo yatangoja, lakini watu hawangoji daima.